Mujuzi wa Usalama wa Reakteri Achaguliwe Mbele ya Macho ya Watu



Leo ninataka tuongee juu ya kazi moja yenye inaonekana iko mbali sana na sisi: kazi ya wajuzi wenye serikali inaita ili waishauri juu ya usalama wa reakteri ya nyuklia. Wenzetu wa Tanzania wanaiita kinu cha nyuklia. Najua wengine watasema: "Sendika imeishiwa na maneno? Mushahara, bei ya unga, dawa za watoto, yote imeisha?" Haijaisha. Lakini hii kazi iko karibu na sisi kuliko tunavyofikiri. Kama sisi tunanyamaza, viti vitagawanywa kule Kinshasa kati ya watu wachache, na sisi tutasikia paka majina kwa redio.

Neno langu ni fupi. Kwa mambo ya nyuklia, diploma peke yake haitoshi. Mujuzi mwenye diploma tano lakini anakula kwa mwenye kujenga, ao mujuzi mwenye maneno yake yanafungiwa ndani ya kabati, hatusaidii kitu. Serikali ikitafuta washauri, mambo matatu yaende pamoja: waitwe wazi, maneno yao yatolewe wazi, na mufanyakazi awe na kiti fasi kwenye wanaongea.

Uraniumu yetu, reakteri yetu

Nianze na kwetu. Mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915. Mwanzo Wazungu walitafuta radiumu ndani yake; uraniumu yenyewe haikuwa na bei. Kisha vita vikaja. Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alituma tani zaidi ya 1,000 za yale mawe mupaka New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu yenye ilianguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika udongo wetu, kwa mikono ya wazee wetu. Ile kazi ilikuwa siri. Wazee walibeba magunia bila kuambiwa wanabeba nini.

Mwaka 1959, mbele ya uhuru, Kinshasa ilipata reakteri ya kwanza katika Afrika yote. Iliwekwa kwenye universite ya Lovanium, yenye rekta wake, padri Luc Gillon, alikuwa yeye mwenyewe amesomea mambo ya nyuklia. Ile reakteri iliitwa TRICO I, nguvu yake kilowati 50. Mwaka 1972 ikaja TRICO II, yenye kilowati 1,000. Hizi hazitoi kura ya kuwasha taa nyumbani. Ni za masomo, za utafiti, na za kutengeneza vitu vyenye mionzi kwa hospitali na kwa mashamba. TRICO II imesimama tangu mwaka 2004.

Niseme ukweli, nisitishe watu bure: TRICO II ni mutoto mudogo mbele ya reakteri kubwa za kutoa umeme, zenye nguvu yake inapita ile mara elfu na zaidi. Tena wenye kuitengeneza waliipanga ili joto likipanda sana, yenyewe ipungue nguvu. Lakini kusimama si kuisha. Jengo linazeeka. Kilima cha Mont Amba ni muchanga, na kila mutu wa Kinshasa anajua vile mvua inakata muchanga. Tena kuna mambo ya ulinzi: miaka ya 1970 fimbo mbili za uraniumu zilipotea pale. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Ya pili haijaonekana mupaka leo.

Kwa hiyo siku serikali itasema "tunaiamsha reakteri", ao "tunaifunga kabisa", ao "tunanunua ingine kubwa", mutu atahitajika wa kusema: inafaa, ao haifai. Ni nani atamuchagua ule mutu? Nani atasoma karatasi yake?

Reakteri na pompe

Mutu wa chini ya udongo anaelewa reakteri haraka kuliko anavyofikiri. Sisi tunajua pompe. Pompe ya maji ikisimama katika galeri, maji hayangojei mukubwa aje na gari, yanapanda. Kwa reakteri kubwa, kitu chenye kinapanda ni joto. Hata ukiizima, fimbo za ndani zinaendelea kutoa joto kwa masiku na miezi. Maji yasipopita, zinayeyuka. Kazi yote ya usalama ni kuuliza mapema: pompe ya kwanza ikikufa, ya pili iko wapi? Ya pili ikikufa, nani yuko na ufunguo wa ya tatu? Mwenye kuuliza hivyo asiogope jibu, wala asiogope kufukuzwa. Wengi kati yetu tunajua vile inatokeaka: fundi anaona ufa kwenye ukuta wa karieri, kapita anamwambia "nyamaza, tuko na tani za kutoa". Kwa nyuklia ni vile vile, lakini ufa wake unaweza kuharibu jimbo zima.

Sendika ya Detroit

Kuna watu watasema: mambo ya reakteri yanamuhusu nini mutu wa sendika? Basi tutazame Marekani.

Mwaka 1956 kampuni moja yenye iliongozwa na wakubwa wa umeme wa Detroit ilitaka kujenga reakteri ya namna mpya, jina lake Fermi, kando ya ziwa Erie, kilometre karibu 50 kutoka muji wa Detroit. Serikali ilikuwa na kamati ya wajuzi ya kuishauri juu ya usalama. Mwezi wa 6 ile kamati iliandika kwamba habari zenye ziko hazitoshi kuhakikisha ile reakteri haitaleta hatari kwa watu. Wakubwa wa nyuklia walifanya nini? Waliweka ile barua ndani ya kabati. Mwezi wa 8 wakatoa ruhusa ya kujenga.

Nani alisimama? Sendika. Wafanyakazi wa motokari wa UAW, chini ya Walter Reuther, pamoja na sendika ya watu wa umeme na ya watu wa viwanda vya karatasi. Walisema: watu wetu na watoto wao njo wanaishi pale. Walipeleka kesi. Mwaka 1960 korti ya rufani iliwapa haki. Mwaka 1961 Korti Kuu ikageuza: waamuzi 7 kwa upande wa kampuni, 2 kwa upande wa sendika. Walishindwa.

Lakini makelele yao na ya wabunge fulani hayakupotea. Mwaka 1957 Bunge la Marekani liliandika sheria: ile kamati ya wajuzi iwe ya kudumu, ichunguze maombi ya kujenga reakteri kubwa, na ripoti yake itolewe kwa watu wote. Kuficha kulikatazwa. Na reakteri ya Fermi? Tarehe 5 Oktoba 1966 kipande cha chuma kilichomoka ndani, kikaziba njia ya kupoza, fimbo zikayeyuka. Kwa bahati mionzi haikufikia watu wa inje. Mwaka 1972 ikafungwa. Wajuzi walikuwa wamesema miaka kumi mbele, na sendika ilikuwa imewasikia kuliko serikali.

Mupaka sasa ile kamati inatafuta wajuzi kwa njia wazi. Serikali inatangaza: tunahitaji mujuzi wa mambo haya na haya, mwenye kutaka alete barua yake. Sheria inasema wasipite watu 15, kila mutu miaka 4. Mwenye kuchaguliwa anachunguzwa mali yake. Kama yuko na hisa katika kampuni za nyuklia, anaweza kulazimishwa kuziuza. Mikutano yao mingi inafunguliwa kwa watu, barua zao zinasomwa na kila mutu. Haiko kamati ya malaika, lakini iko na mulango na madirisha.

Tena kuna somo lingine pale. Mwaka 2025 rais wa Marekani alitoa amri kazi ya ile kamati ipunguzwe mupaka kile tu sheria inalazimisha. Muangalie vizuri: kile chenye kiliandikwa ndani ya sheria mwaka 1957, amri haikuweza kukifuta. Kile chenye kilikuwa mazoea tu, ndicho kilikatwa. Kwa hiyo sisi tukiomba kitu, tusiombe ahadi ya waziri. Tuombe sheria.

Kesi ya ngedere na nyani

Wazee wanasema kesi ya ngedere usipelekee nyani. Ujapani walipeleka. Ofisi yenye ilipaswa kuchunguza reakteri ilikuwa ndani ya wizara ile ile yenye ilisukuma nyuklia iende mbele. Mwaka 2008 watu wa kampuni ya TEPCO walihesabu kwamba mawimbi ya bahari yanaweza kupita mita 15 kule Fukushima. Ukuta wa kutosha haukujengwa. Tarehe 11 Machi 2011 mawimbi yakaja, pompe zikasimama, reakteri tatu zikayeyuka. Kamati ya uchunguzi ya Bunge lao, yenye iliongozwa na Profesa Kiyoshi Kurokawa, ilisema mwaka 2012 kwamba ile ilikuwa hatari yenye ililetwa na watu: serikali, wachunguzi na kampuni walikuwa wameshikana mikono. Ujapani ni inchi ya wajuzi wengi sana. Hawakukosa diploma. Walikosa mutu huru wa kusema "simameni".

Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, ni mbaya zaidi, na kwetu wachimbaji iko na maana ya pekee. Fimbo za kuzima ile reakteri zilikuwa na kasoro: kwa saa fulani, ukizishusha, kwanza zinapandisha nguvu mbele ya kuishusha. Wajuzi walikuwa wameona ile kasoro tangu mwaka 1983, kwenye reakteri ya Ignalina. Watu wenye kushika mashini usiku wa Chernobyl hawakuwa wameelezwa hatari yake. Kisha reakteri kupasuka, waliita nani? Waliita wachimbaji. Wachimbaji mia kadhaa wa makaa ya mawe kutoka Tula na Donbas walichimba tunele chini ya reakteri, katika joto, wengi walivua nguo, ili kuweka mabomba ya kupoza. Yale mabomba hayakuwashwa hata siku moja. Wajuzi wanapofungwa kinywa, kipindi cha kufungua kinywa kinapita, na kinabaki kipindi cha kubeba mupaule. Na mwenye mupaule, ndugu zangu, tunamujua ni nani.

Afrika ya Kusini waliweka kiti

Wengine watasema mambo ya kuweka mufanyakazi katika kamati ya nyuklia ni ndoto. Haiko ndoto. Iko kule kwenye makamyo yetu ya shaba yanashuka.

Afrika ya Kusini wako na Koeberg, karibu na Cape Town, yenye reakteri mbili za umeme. Sheria yao namba 47 ya mwaka 1999, yenye inapanga ofisi ya kuchunguza nyuklia, inasema ndani ya baraza la ile ofisi kuwe na mutu wa kusimamia wafanyakazi, mutu wa kusimamia wafanyabiashara, na mutu wa kusimamia jamii zenye zinaweza kuguswa na kazi za nyuklia. Tena ile ofisi haichunguzi Koeberg peke yake. Inachunguza pia migodi ya zahabu yenye mawe yake yanachanganyika na uraniumu. Reakteri na mugodi viko katika mukono mumoja.

Mwaka 2022 waziri alimuondoa mutu wa jamii katika lile baraza, juu alikuwa anapinga nyuklia. Ule mutu alienda kortini, na mwaka 2023 korti ikasema kumuondoa hakukufwata sheria. Bila ile sheria, angefukuzwa na habari ingeisha siku ile ile. Ona tena faida ya kuandika.

Kwetu sheria iko, lakini

Congo haiko bila sheria. Sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliwekwa juu ya kukinga watu na mionzi na kulinda vitu vya nyuklia. Kamati yenye ilitoka humo, CNPRI, njo inapaswa kutazama reakteri ya Kinshasa, na ni kazi yake pia kutazama mionzi ya mawe yetu huku. Ndiyo maana ninasema habari ya kuchagua wajuzi inaingia mupaka ndani ya mapafu yetu.

Shaba na kobalti ya huku mara nyingi inachanganyika na uraniumu kidogo. Mwezi wa 7 mwaka 2004, Shinkolobwe, yenye serikali ilikuwa imeifunga mwanzo wa ule mwaka, iliangukia krezeri na kuua watu 8. Wajuzi wa Umoja wa Mataifa walikuja mwisho wa ule mwaka, wakapima, wakaandika ripoti, na ripoti ikatolewa kwa watu wote. Mwezi wa 11 mwaka 2007 mawe yenye mionzi, yenye yalikuwa yameamriwa kupelekwa Shinkolobwe, yalitupwa mutoni Mura, karibu na Likasi. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa ya Kolwezi ilisimamisha kuuza kobalti inje juu ya uraniumu yenye ilipatikana ndani. Wanunuzi wa inje walikingwa. Je, mutu mwenye alisukuma ile kobalti na mukono wake, alipimwa? Nani alimuonyesha karatasi?

Mimi niko delege. Wakati fulani, katika kampuni moja yenye sitaitaja, watu walikuja na kamashini kadogo, wakatembea kwenye lundo la mawe, wakaandika, wakaenda. Niliomba kuona namba. Mukubwa mumoja alinijibu: "Bwana delege, hii ni mambo ya wasavanti. Weye unasoma mupaka wapi?" Nilimwambia nilimaliza sekondari, na kwamba sekondari inatosha kusoma namba moja na kuuliza kama iko juu ya kipimo ao chini. Ile namba sikuiona. Wenzangu waliendelea kupeperusha vumbi na kaske kichwani, na kitambaa kinywani.

Simuchukii ule mwenye kamashini. Labda alipima vizuri sana. Labda aliandika kweli tupu. Lakini kweli yenye imefungiwa haimukingi mutu.

Mambo tano tunaomba

Kwa hiyo, serikali ikitafuta wajuzi wa kuishauri juu ya usalama wa reakteri na mionzi, sisi watu wa migodi tunaomba haya:

Ya kwanza, tangazo litoke wazi, kwa gazeti na redio, kwa Kifaransa na kwa luga zetu nne. Kila mujuzi Mukongomani mwenye anastahili aweze kuomba, akiwa Kinshasa, Lubumbashi, ao Ulaya. Majina ya wenye kuomba na masomo yao yajulikane mbele ya kuchagua, hapana kisha.

Ya pili, kila mutu aseme kwa maandishi ni nani alimulipa miaka mitano yenye imepita, na kama yuko na hisa ao ndugu katika kampuni yenye kujenga reakteri ao kuuza uraniumu. Mwenye kuendesha reakteri asijichunguze mwenyewe.

Ya tatu, apewe muda wenye unajulikana, kwa mufano miaka minne, na asiondolewe juu alisema "hapana". Mushahara wake utoke katika bajeti yenye Bunge limekubali, hapana katika mufuko wa mwenye kuchunguzwa.

Ya ine, shauri lake liandikwe na kutolewa kwa watu. Serikali ikikataa lile shauri, iandike pia kwa nini imekataa. Kukataa ni haki yake, lakini isikatae gizani.

Ya tano, kuwe na kiti cha mufanyakazi na kiti cha jamii yenye kuishi karibu. Na haya yote yaandikwe ndani ya sheria, hapana ndani ya karatasi ya waziri yenye waziri wa kesho ataipasua.

Wenye kupinga

Ninajua majibu yenye yatakuja. La kwanza: "Congo haina wajuzi wengi wa nyuklia. Wenye kujua ni wale wale wenye kufanya kazi pale." Ni kweli kwa nusu. Kwa hiyo tusiwafukuze. Tuwasikilize, lakini tuwaongezee jicho la inje. Congo iko ndani ya shirika la ulimwengu la nguvu za atomi tangu mwaka 1961. Lile shirika linatumaka wajuzi wa kuchunguza reakteri kama inchi inaomba. Tena kuna watoto wa Congo wenye kufundisha fizika katika universite za inje. Wengi hawarudi juu hawaoni mulango. Tangazo wazi ni mulango.

La pili: "Mukitoa maneno wazi, mutasaidia wezi wa uraniumu." Tutenganishe mambo. Ufunguo uko wapi, walinzi ni wangapi, saa gani wanabadilishana: ile ni siri, ibaki siri, hatuiombi. Lakini ufa wa ukuta, uzee wa bomba, upungufu wa watu wenye kufundishwa, namba ya mionzi katika mawe: ile si siri ya usalama, ile ni usalama wenyewe. 

La tatu, na hili njo wanalipenda zaidi: "Delege wa sekondari atasema nini mbele ya madokta?" Atauliza. Atauliza usiku wako watu wangapi pale. Atauliza ni siku gani ya mwisho walijaribu pompe ya pili. Atauliza mutu mwenye anafagia ndani yuko na dozimetri, na nani anaisoma. Dokta anajua kuhesabu joto la fimbo. Mufanyakazi anajua kwamba valve ya nyuma haifungi vizuri tangu mwaka jana, na kwamba wanaifunga na waya. Hizi ni elimu mbili. Ukikosa moja, hesabu yako si kamili.

Mwanzo wetu ni hapa

Hatutangoja Kinshasa iamke ndipo tuanze. Sheria ya wajuzi tutaidai kwa wabunge wetu, wenye wanakuja kuomba sauti zetu kila uchaguzi. Tuwaulize kwa jina, mbele ya watu, kama wataileta Bungeni ao hapana. Lakini kwenye kampuni zetu kuna kitu chenye delege anaweza kufanya juma hili. Aandike barua moja, hapana kuongea na kinywa tu, aulize: mionzi ya mawe yetu ilipimwa siku gani, na nani, na namba ni ngapi? Aombe akize de reception, abakize kopi. Wakijibu, namba ibandikwe kwenye mulango wa kuingilia kazi, fasi kila mutu anapita. Wasipojibu, kutojibu kwao kubandikwe pale pale, na tarehe yake.

Na ninyi wamama, munapofua nguo za kazi za bwana ao za mutoto, mukute vumbi ndani ya maji ya basini, muko na haki ya kuuliza swali lile lile. Hamuhitaji diploma kwa kuuliza. Wazee wetu wa Shinkolobwe walibeba magunia bila kujua. Sisi tunajua. Mwenye anajua na ananyamaza, hatakuwa na la kujibu siku watoto watamuuliza.